Pete za Vichimbakazi: Simulizi, Sayansi na Wajibu wa Kuchunguza

Mhadhara huu unahusu miduara ya nyasi na uyoga inayojitokeza katika malisho, misitu na viwanja vya nyasi vya Ulaya, ambayo kwa karne nyingi wakazi wa huko waliiona kuwa alama za ngoma za vichimbakazi, yaani viumbe wenye umbo linalokaribia la binadamu, waliosadikiwa kuishi chini ya ardhi au ndani ya vilima, kupenda muziki wa usiku, na kuwa na uwezo wa kuwafadhili watu au kuwadhuru kulingana na walivyotendewa. Hoja yake kuu ni kwamba simulizi za jadi na sayansi, ambazo aghalabu huwekwa katika kambi mbili zinazohasimiana, zilianza kazi yake mahali pamoja, kwa mtu aliyesimama malishoni akakitazama kwa makini kitu ambacho hakuweza kukieleza. Hoja ya pili, inayoitegemea ya kwanza, ni kwamba simulizi hupaswa kupimwa kwa mambo mawili: yale iliyoyaona na kuyahifadhi, na yale iliyowafanya watu watendeane.

Ni vyema kueleza kwanza kinachoonekana kwa macho. Duara la namna hii laweza kuwa na kipenyo cha hatua chache au cha makumi ya mita. Wakati wa unyevunyevu uyoga huchipuka ukiwa umejipanga katika mzingo wa duara, na mara nyingi huonekana asubuhi mahali ambapo jioni iliyotangulia hapakuwa na chochote. Uyoga unapokwisha, duara halipotei, bali hubaki kama mkanda wa nyasi zenye kijani kilichokolea, unaopakana mara nyingi na mkanda mwingine wa nyasi zilizonyauka au kufa kabisa. Na mwaka unaofuata mikanda hiyo huwa imesogea nje kidogo, kana kwamba duara limepanuliwa kwa makusudi. Kwa hiyo maswali yalikuwa manne tangu mwanzo: kwa nini umbo ni la mviringo, kwa nini uyoga hutokea ghafla, kwa nini nyasi zilezile hustawi hapa na kufa pale, na kwa nini duara hukua.

Duara katika simulizi za Ulaya

Jibu lililoenea zaidi lilikuwa ngoma. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu Mswidi aliyekuwa akiishi uhamishoni Roma, alieleza katika kitabu chake cha historia ya watu wa kaskazini kwamba viumbe wa usiku hucheza kwa kuzunguka hadi ardhi inaungua na nyasi hazioti tena. Huko Uingereza Shakespeare aliyatumia maarifa haya ya wanakijiji katika tamthilia zake mbili, *A Midsummer Night's Dream* na *The Tempest*, na katika hiyo ya pili alitaja jambo ambalo wafugaji pekee wangelijali, kwamba kondoo hawazili nyasi za pete hizo. Nchi jirani zilikuwa na wahusika wengine kwa umbo lilelile. Wajerumani walisema kwamba wachawi hukusanyika kucheza hapo usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei. Watu wa Tirol, jimbo la milima nchini Austria, walidai kwamba joka lirukalo lilitua na kuichoma ardhi kwa mkia wake, na kwamba kwa muda wa miaka saba hakuna kitakachoota hapo ila uyoga. Nchini Ufaransa pete ziliitwa za wachawi na zilidhaniwa kulindwa na vyura wakubwa wanaomlaani yeyote anayezikiuka.

Simulizi zilizoendelezwa kwa ustadi zaidi zilitoka Wales, ambako vichimbakazi huitwa Tylwyth Teg. Wirt Sikes, Mmarekani aliyekuwa konseli wa nchi yake mjini Cardiff, alizikusanya nyingi katika kitabu cha *British Goblins* kilichochapishwa mwaka 1880, na mojawapo inahusu watumishi wawili wa shambani, Rhys na Llewellyn, waliokuwa wakirejea nyumbani jioni. Rhys alisikia muziki, akabaki nyuma ili acheze kidogo, wala hakuonekana tena, na Llewellyn akashukiwa kumuua mwenzake akatiwa gerezani. Mkulima mmoja aliyezijua habari za vichimbakazi alishauri waende mahali Rhys alipopotelea. Hapo Llewellyn alikanyaga ukingo wa duara, akasikia vinubi, akamwona mwenzake akicheza, na wengine wakalishika koti lake ili asivutwe ndani naye alipokuwa akimtoa. Rhys alidhani amecheza kwa dakika chache tu. Alipokuta muda mrefu umepita alipatwa na majonzi, akaugua na kufa. Kiini cha masimulizi ya aina hii hakibadiliki sana: ndani ya duara wakati huenda kwa mwendo mwingine, aliye nje huweza kumwokoa aliye ndani iwapo wapo wa kumshikilia, na anayerudi harudi mzima.

Yapo pia masharti ya kila siku ambayo hayakuhitaji hadithi ndefu. Katika sehemu za Scotland kulilima duara kulichukuliwa kuwa mkosi. Kwingineko nyumba iliyojengwa karibu na pete hizo ilitarajiwa kupata baraka. Na wasichana wa Uingereza waliokusanya umande wa mwezi Mei kwa ajili ya kung'arisha ngozi waliuacha umande wa ndani ya pete, kwa hofu ya kulipizwa kisasi. Wala imani hii haikuwa ya watu wasio na elimu pekee. Robert Kirk, mchungaji wa kanisa la Aberfoyle huko Scotland aliyefariki mwaka 1692, aliandika kitabu kizima juu ya jamii ya vichimbakazi kwa utaratibu wa mtu anayeripoti habari za nchi jirani, kitabu ambacho kilichapishwa mwaka 1815 kwa juhudi za mwandishi Walter Scott.

Kutoka radi hadi uyoga

Maelezo ya kwanza yaliyojaribu kuepuka viumbe wa ajabu hayakuwa sahihi, lakini yalikuwa ya lazima, kwa sababu yalileta dai ambalo lingeweza kukaguliwa. Robert Plot, mtunzaji wa kwanza wa Jumba la Makumbusho la Ashmolean mjini Oxford, alijadili miduara hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1686 kuhusu jimbo la Staffordshire, na akapendekeza kwamba chanzo ni radi inayoipiga ardhi kwa umbo la mviringo. Takribani karne moja baadaye Erasmus Darwin, tabibu na mshairi ambaye ni babu yake Charles Darwin, bado aliishikilia radi. Udhaifu wa nadharia hii ulikuwa wazi kwa mtu aliyerudi malishoni mwaka baada ya mwaka, kwa sababu radi hupiga mara moja ikaisha, ilhali duara huendelea kukua.

Hatua iliyofuata ilihitaji koleo tu. Katika muongo wa 1790 William Withering, daktari wa Birmingham aliyekwisha kupata sifa kwa utafiti wake juu ya dawa ya moyo itokanayo na mmea wa digitalisi, aliandika kwamba chini ya mkanda wa nyasi kuna utando mweupe wa uyoga, na kwamba utando huo ndio unaosababisha duara. Mwaka 1807 mkemia William Hyde Wollaston alichapisha katika jarida la Royal Society mjini London maelezo ya ukuaji wake, akisema kwamba uyoga hula rutuba ya mahali ulipo mpaka inakwisha, kisha hulazimika kusonga mbele, na kwamba mabaki ya uyoga uliokufa huwa mbolea ya nyasi. Mwaka 1883 watafiti wa kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na John Lawes na Joseph Gilbert, walipima udongo wa ndani ya duara, wa chini ya mkanda na wa nje, wakathibitisha kwamba udongo wa ndani, ambao uyoga umekwisha kuupitia, umepungukiwa na naitrojeni, kirutubisho kinachozipa nyasi kijani chake.

Jinsi duara linavyofanya kazi

Uyoga unaoonekana juu ya ardhi ni sehemu ya uzazi tu ya kiumbe kikubwa zaidi kinachoishi udongoni. Kiumbe hicho ni kuvu, kundi la viumbehai ambalo si la mimea wala la wanyama, na mwili wake ni maiseliamu, yaani mtandao wa nyuzi nyembamba mno zinazopenya katikati ya chembe za udongo. Duara huanza pale spora, ambazo ni chembe ndogo za uzazi zinazopeperushwa na upepo, zinapotua mahali pafaapo na kuota. Nyuzi hukua kuelekea pande zote kwa kasi inayolingana, na kwa kuwa katikati chakula huisha na nyuzi kongwe hufa, sehemu iliyo hai hubaki kuwa pete inayosonga nje. Umbo la mviringo, kwa hiyo, halihitaji mchoraji, kwa maana kitu chochote kinachokua kwa mwendo sawa kila upande katika ardhi isiyo na kizuizi hakina umbo jingine la kuchukua.

Mikanda ya nyasi hufuata kutokana na mwendo huo. Kuvu haina mdomo wala tumbo, bali hutoa vimeng'enya, yaani kemikali zinazovunjavunja mabaki ya mimea nje ya mwili wake, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Katika kazi hiyo amonia hubaki udongoni, bakteria huigeuza kuwa naitreti, na nyasi zilizo kwenye ukingo wa mbele hupata mbolea ambayo majirani zao hawana. Nyuma ya ukingo huo maiseliamu husongamana hadi kuzifunika chembe za udongo kwa utando usiopitisha maji, kiasi kwamba mvua inaponyesha maji hutelezea pembeni na mizizi hukauka; na uyoga uitwao kitaalamu *Marasmius oreades*, ambao ndio maarufu zaidi kwa kutengeneza pete katika malisho ya Ulaya, hutoa pia haidrojeni sayanidi, sumu inayoweza kuidhuru mizizi. Nyuma zaidi nyuzi zilizokufa huoza, naitrojeni iliyokuwa ndani yake huachiliwa, na nyasi hustawi mara ya pili. Pete mbili zinapokutana hazipitani, bali hukoma pale zinapogusana, kwa kuwa kila moja hukuta mbele yake udongo uliokwisha kutumiwa na mwenzake. Nao uyoga unaozuka usiku mmoja huwa umejitayarisha chini ya ardhi kwa siku kadhaa ukiwa mdogo sana, kisha hufyonza maji kwa haraka na kutanuka mara unyevu unapotosha.

Kasi ya ukuaji huruhusu kukadiria umri. *Marasmius oreades* husonga kati ya sentimita 10 na 35 hivi kwa mwaka, kwa hiyo pete ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ina mita 20, ikiwa imekua kwa sentimita 20 kila mwaka, imeishi miaka 100. Homer Shantz na mwenzake Piemeisel, walioichunguza miduara ya nyanda za mashariki mwa Colorado nchini Marekani na kuchapisha kazi yao mwaka 1917, waliigawa katika makundi matatu ambayo wataalamu huyatumia hadi leo, yaani ile inayoua nyasi, ile inayozistawisha na ile isiyozigusa, nao walikadiria kwamba baadhi yake ilikuwa na umri wa karne kadhaa. Karibu na mji wa Belfort nchini Ufaransa ipo pete ya aina nyingine ya uyoga, yenye upana wa mamia ya mita, inayokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 700.

Yale simulizi iliyoyahifadhi

Ukiyarudia sasa masimulizi ya wanakijiji baada ya kuyajua haya, hubainika kwamba waliotazama walitazama vizuri. Mtu wa Tirol aliyesema kwamba hakuna kitakachoota kwa miaka saba alikuwa ametambua kwamba ukavu wa mkanda ule si wa msimu mmoja. Aliyesema kwamba ardhi imeungua alikuwa ameona nyasi zilizokauka kando ya nyasi zilizonyeshewa mvua ileile. Aliyetofautisha malisho ya ndani ya pete na ya nje yake alikuwa ametambua tofauti ya udongo ambayo Rothamsted iliipima kwa vyombo baadaye. Hata katazo la kugusa vilivyomo ndani ya duara lina uzito wake, kwa kuwa katika malisho yaleyale ambako huota *Marasmius oreades*, unaolika, huota pia kwa umbo la pete uyoga mdogo mweupe wa jamii ya *Clitocybe*, wenye sumu iitwayo muskarini, ambayo humfanya aliyeula atokwe na jasho na mate mengi na mapigo ya moyo wake yapungue. Si lazima kudai kwamba katazo lilitungwa kwa ajili hiyo. Yatosha kusema kwamba aliyelitii hakudhurika.

Mfano wenye nguvu zaidi wa uchunguzi uliohifadhiwa na jamii unatoka mbali na Ulaya. Pembezoni mwa jangwa la Namib, hasa nchini Namibia, kuna mamilioni ya miduara mitupu isiyo na nyasi, mingi ikiwa na kipenyo cha mita 2 hadi 12, ambayo watafiti waliipa nao jina la vichimbakazi ingawa haihusiani na uyoga, na ambayo katika masimulizi ya Wahimba hutajwa kuwa nyayo za Mukuru, Mungu wao. Mwaka 2013 Norbert Jürgens wa Ujerumani aliandika katika jarida la *Science* kwamba miduara hiyo hutengenezwa na mchwa wa mchangani wanaokula mizizi ili maji ya mvua yahifadhike chini. Stephan Getzin na wenzake wameshikilia kwamba mimea yenyewe, kwa kugombania maji machache, hujipanga na kuacha nafasi tupu. Na mwaka 2017 kundi jingine la watafiti lilionyesha katika *Nature* kwamba nguvu zote mbili zaweza kufanya kazi pamoja. Mjadala huo ulipohamia Australia, ambako miduara inayofanana nayo ilitangazwa mwaka 2016, wenyeji asilia wa jangwa, wakiwemo Wamartu, walikuwa na jibu ambalo wazee wao walilirithishana: maeneo hayo matupu ni sakafu za mchwa, huitwa *linyji*, ni magumu kiasi cha kutumika kupuria mbegu, na hukusanya maji baada ya mvua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na Fiona Walsh pamoja na wenyeji hao ulichimba na kukuta vyumba vya mchwa chini ya miduara waliyoichunguza. Hapo simulizi ilikuwa tayari ni elimu, na kilichopungua kilikuwa ni mtu wa kuiuliza.

Yale simulizi iliyowatendesha watu

Kuithamini simulizi kwa uchunguzi wake hakumaanishi kuisamehe kila kitu, na historia ya Ireland inaonyesha pande zote mbili za imani moja. Nchi hiyo ina makumi ya maelfu ya maboma ya mviringo, yaani kuta za udongo zilizozunguka makazi ya wakulima, mengi yakiwa yamejengwa kati ya miaka 500 na 1000 hivi baada ya Kristo. Kwa kuwa yalisadikiwa kuwa makao ya vichimbakazi, wakulima wa vizazi vingi walilima kuyazunguka bila kuyagusa, na hivyo wanaakiolojia wa leo wamerithi hazina ambayo hakuna sheria ya serikali ingeweza kuilinda kwa muda mrefu kiasi hicho. Mwaka 1999 msimuliaji mashuhuri Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwa mti mmoja wa miiba huko Latoon, katika jimbo la Clare, uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya na kusadikiwa kuwa mahali pa kukutania vichimbakazi, na wahandisi wakaibadili ramani ili mti ubaki.

Lakini imani iliyoyalinda maboma ndiyo pia iliyofundisha kwamba vichimbakazi huwaiba watu na kuacha mahali pao kiumbe mbadala, anayefanana na aliyeibwa lakini asiye yeye, na kwamba kiumbe huyo hufukuzwa kwa moto, kwa chuma au kwa dawa chungu. Mwezi Machi mwaka 1895 huko Ballyvadlea, jimbo la Tipperary, Bridget Cleary, mshonaji mwenye umri wa miaka 26 aliyekuwa mgonjwa, alishikiliwa na jamaa zake, akalazimishwa kunywa dawa za miti, na hatimaye akachomwa moto na mumewe, Michael, aliyedai kwamba yule hakuwa mke wake. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia ikamhukumu kifungo cha miaka 20. Watafiti wa simulizi wamebainisha kwamba dalili zilizotajwa za watoto mbadala, kama vile kutokua, kutosema, kulia bila kikomo au kuwa na viungo visivyo vya kawaida, hulingana na dalili za maradhi na ulemavu ambao tiba ya siku hizi inautambua. Imani iliwapa wazazi maelezo ya huzuni yao, lakini kwa gharama ya kumwondolea mtoto haki ya kuwa mtoto wao.

Tofauti kati ya boma lililohifadhiwa na mwanamke aliyechomwa haiko katika ukweli wa imani, kwa kuwa imani ni ileile, bali iko katika kilichowekwa hatarini ikiwa imani si kweli. Mkulima aliyeacha boma bila kulilima alipoteza vipande vichache vya ardhi. Mume aliyetenda kwa uhakika uleule aliangamiza uhai. Ndiyo sababu maarifa ya visababishi hayawezi kuwa anasa ya wasomi, kwa maana pale ambapo kosa hulipwa kwa mwili wa mtu mwingine, dai lolote, liwe la wazee au la wataalamu, lina wajibu wa kukaguliwa kabla halijatekelezwa.

Swali ambalo halijazeeka

Baadhi ya watu huhofu kwamba duara likishaelezwa huwa limekwisha, lakini mwenendo wa utafiti wenyewe unaikanusha hofu hiyo. Hirokazu Kawagishi wa Chuo Kikuu cha Shizuoka nchini Japani hakuridhika kwamba naitrojeni pekee ndiyo inayozistawisha nyasi za ukingoni, akaulea uyoga wa aina ya *Lepista sordida* maabarani na kutafuta humo kemikali nyingine. Mwaka 2010 yeye na wenzake walitangaza kuipata moja inayochochea ukuaji wa mimea, ambayo pamoja na nyingine mbili zinazohusiana nayo zilikuja kuitwa kemikali za vichimbakazi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba zaweza kuongeza mavuno ya mpunga na ngano, na kwamba mimea yenyewe hutengeneza baadhi yake. Hivyo swali la mchungaji wa kondoo wa karne ya 16, la kwa nini nyasi hizi ni za kijani kuliko zile, limefika katika mashamba ya chakula.

Jamii yoyote yenye hazina ya simulizi juu ya ardhi yake, wanyama wake na maradhi yake inaweza kujifunza kutokana na safari hii. Kuzidharau simulizi ni kutupa kumbukumbu za watu waliotazama kwa muda mrefu kuliko mtafiti yeyote wa msimu mmoja. Kuzitii bila kuzipima ni kuruhusu kosa la zamani limwangukie asiye na hatia. Njia iliyo ya haki ni kuzikusanya kwa uaminifu, kutenganisha ndani yake kilichoonwa na kilichodhaniwa, kisha kwenda malishoni na koleo, kama alivyofanya Withering, na pamoja na wenyeji, kama ilivyofanyika Australia, ili waliotazama kwanza wawe miongoni mwa wanaojibu.